Mvuti wa Kwamkole

Kwamkole, Kigombe
11 Novemba 1985

Mdogo wangu Haidar,

Salamu zangu zikufike hapo Wete ukiwa mzima, wewe na Nasima na mwanenu. Huku sote wazima, tunamshukuru Mungu. Mwanangu Asmahani kajifungua Jumatatu iliyopita, mtoto wa kike, wote wamesalimika. Tumempa jina la marehemu mama, Mwatumu. Shemeji yako Idarusi anakusalimu sana. Anasema mizinga yake mwaka huu haina asali ya maana, na anajua sababu, nami sababu hiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Usishangae karatasi hii. Nimeichana kwenye daftari langu la elimu ya watu wazima, maana dukani hakuna karatasi, hakuna sabuni, hakuna chochote. Nguo tunafulia majani ya mpapai.

Unaukumbuka ule uzio kwenye nyumba ya meneja wa mkonge, wenye maua ya manjano na ya waridi katika kishada kimoja? Tulikuwa tukiyachuma tukichezea arusi. Ndio mvuti. Tangu shamba lile litelekezwe hakuna anayeufyeka. Ndege wanakula matunda yake meusi, wanakwenda kunya mbegu msituni kwetu. Miaka mitatu tu, Haidar, na msitu wa Kwamkole huujui tena. Chini ya miti yote ni mvuti, umefungana, una miba, mtu hapiti. Njia ya kisimani tunaifyeka leo, mwezi ujao imeziba. Mabungo hatuchumi tena. Fito za kujengea hakuna, kwa sababu miche midogo haipati jua ikakua. Mbuzi wawili wa jirani yetu Safari wamekula majani yake wakageuka macho ya manjano, ngozi ya pua ikabambuka, wakafa.

Idarusi anafyeka kila Ijumaa baada ya swala, yeye na Safari. Kila kisiki kimoja wanachokata kinatoa machipukizi matano. Juzi akaniambia, "Tuna bwana miti wetu wa damu, kwa nini tunahangaika kama mayatima? Mwandikie Haidar."

Basi nimekuandikia. Tufanye nini?

Dada yako,
Chiku

*

Wete, Pemba
9 Desemba 1985

Dada yangu Chiku, shikamoo.

Barua yako nimeipokea kwa furaha kubwa, hasa habari ya mjukuu. Mungu amkuze. Nasima anakusalimu, na Hafidh wetu sasa anakwenda chuoni, keshafika juzuu ya pili. Karafuu mwaka huu zimezaa vizuri, ila bei ndiyo hiyo hiyo ya kuchosha watu.

Kuhusu suala la mvuti, hilo ni tatizo linalofahamika kitaalamu. Ni mmea wa kigeni, uliletwa kwa ajili ya mapambo, na kwa kuwa hauna adui katika nchi yetu unashinda mimea ya asili. Hapa ofisini tunalishughulikia sana suala la magugu.

Dawa yake ni moto. Panga halifai, mmeona wenyewe. Subirini mwezi wa pili, kaskazi ikiwa imekausha kila kitu. Fyekeni njia pana upande wa nyumba ili moto usirudi kijijini, kisha muwashe asubuhi. Ukiungua mara moja mpaka ardhini, mvuti umekwisha, na majivu yatakuwa mbolea ya miti mingine.

Mwambie shemeji asiwe na wasiwasi, na asihangaike kwenda kuuliza ofisi ya misitu Muheza. Mambo haya ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Mdogo wako,
Haidar

*

Wete
29 Januari 1986

Dada Chiku, shikamoo.

Natumaini hamjambo nyote. Sisi tu wazima. Naandika kwa haraka kwa sababu kijana wa jirani yetu Hamad anavuka kesho kwenda Tanga, na posta siitegemei.

Ile habari ya moto, simameni kwanza. Msichome. Nimezungumza na Bi Bertha, mtaalamu mwenzangu aliyetoka Bara mwezi huu, naye amesema mvuti ukichomwa hufa majani tu, mizizi ikabaki hai, mvua ikinyesha ukaja kwa nguvu zaidi. Tena anasema unawaka vibaya hata ukiwa mbichi, na moto wake hupanda juu ya miti mikubwa. Kama ni lazima mtu awashe, basi njia ya moto ikatwe pande zote, na zaidi upande wa msitu. Mimi niliandika upande wa nyumba peke yake.

Dawa ni kung'oa mizizi wakati wa masika, ardhi ikiwa laini. Nitakuandikia kwa kirefu.

Nakuomba barua hii umsomee shemeji siku hiyo hiyo utakayoipata.

Haidar

*

Kwamkole
14 Aprili 1986

Haidar,

Salamu. Mtoto wa Asmahani anaendelea vizuri, ameanza kukaa. Mvua zimeanza.

Barua yako ya Januari imenifika tarehe sita Machi. Aliyeileta anasema chombo kilikwama bandari ya Mkoani kwa kukosa dizeli, kisha akaumwa. Ile ya Desemba ilifika mapema, siku kumi tu. Tulifanya kama ilivyosema.

Mvuti umeungua.

Siku hizi mimi sitoki. Kisimani anakwenda Asmahani.

Chiku

*

Wete
2 Juni 1986

Dada yangu mpenzi, shikamoo, na saumu njema.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, maana ni fupi na wewe si mtu wa barua fupi. Sisi hatujambo. Hafidh anafunga nusu siku, kisha anakula na kujisifu. Madukani hapa vitu vimeanza kuonekana, vitenge na sabuni za Dubai, sijui huko kwenu.

Dada, shemeji Idarusi hakuniletea salamu. Tangu umeolewa sijapata barua yako isiyo na salamu zake. Je, amekasirika nami kwa sababu nilibadili maneno? Mwambie anisamehe. Nilitaka mwende kwa njia iliyo bora. Au moto ulimfanyia hasara, mizinga yake iliungua? Niambie, nitajua la kufanya.

Na mbona hutoki? Ni miguu? Nilimsomea Nasima barua yako, akaniambia, "Mwanamke asiyetoka ndani miezi yote hiyo, wewe kweli huelewi?" Nikamkemea. Nimemwambia asimtakie mtu mabaya.

Nijibu, hata mstari mmoja.

Haidar

*

Kwamkole
9 Septemba 1986

Haidar,

Mkeo alielewa. Nilikuwa katika eda.

Sikukuandikia kwa sababu kila nilipoanza mkono ulikataa. Na watu wote wanaovuka kuja Pemba niliwakataza wasikwambie, nikasema nitakwambia mwenyewe. Basi nakwambia.

Walichoma Jumamosi tarehe nane Februari. Walikuwa watano. Idarusi alikuwa na barua yako mfukoni, aliitoa akawasomea wenzake kama mtu anayesoma tangazo la serikali. Njia ya moto waliikata upande wa nyumba, pana kama barabara, wiki nzima walifanya kazi hiyo. Upande wa msitu hawakukata. Safari alimuuliza, "Na huku nyuma je?" Idarusi akamjibu, "Bwana miti angeona haja angeandika."

Saa nne upepo ukageuka. Moto ulipanda juu ya mvuti, ukashika miti ya mibambakofi, ukawa unakimbia kuelekea kisimani ambako ilikuwako ile miti mikubwa kabisa. Idarusi akakata tawi bichi akaingia ndani mbele ya moto, aukate kabla haujafika. Wenzake walimwita. Mvuti ulimfunga miguu. Safari ndiye aliyemtoa, na mikono ya Safari mpaka leo haikunjuki sawasawa.

Alikaa hospitali Tanga siku tisa. Alifariki Jumatatu tarehe kumi na saba Februari, alfajiri, mimi nimemshika mguu kwa sababu ndipo palipokuwa hapana kidonda. Tumemzika hapa.

Barua yako ya pili ilikuja siku kumi na saba baada ya maziko.

Na mvuti umerudi, Haidar. Masika haijakwisha ulikuwa unafika kiunoni, na sasa umenipita kimo. Robo ya msitu imeungua. Mwenyekiti wetu Mwinyijuma anasema kuna tajiri anataka apewe sehemu yote ile achome mkaa apeleke Dar es Salaam kwa lori, kwa kuwa siku hizi ni ruksa, na msitu wenyewe ati si msitu tena, ni kichaka. Wanaume wengi wamekubali. Mimi nimesema Idarusi hakufa kwa ajili ya kichaka.

Sina zaidi.

Chiku

*

Wete
3 Oktoba 1986

Dada yangu,

Sijui niandike shikamoo au ninyamaze. Nimemlilia Idarusi kama ndugu wa tumbo moja. Tumemsomea hitima hapa, majirani wote walikuja. Nilishuka bandarini mara mbili nivuke nije kwako, na mara zote mbili nikarudi na kikapu changu. Nasima akaniuliza ninaogopa bahari au namwogopa dada yangu. Ninaogopa kuja na uongo nilio nao, kwa hiyo nautua hapa kwanza.

Mimi si bwana miti. Sijapata kuwa.

Nilipokuja Pemba mwaka sabini na tisa nilichuma karafuu msimu mmoja, kisha nikapata kazi kwenye kitalu cha miche. Kazi yangu ni kujaza udongo kwenye viriba, kumwagilia maji asubuhi na jioni, na kufunga lango. Niliandika nyumbani kuwa nimepata kazi ya miti, na hilo halikuwa uongo. Mama ndiye aliyeanza kuniita bwana miti, akawaambia watu. Nilipokuja kwenye maziko yake kijiji kizima kilinisalimu kwa jina hilo, na mimi nikaitika. Niliona ni vibaya kumvua mama fahari yake siku anayozikwa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya kweli ni kwamba jina lile lilinipendeza.

Barua yako ya kwanza ilipokuja, sikumuuliza mtu yeyote. Niliona aibu kuuliza, kwa kuwa ningelazimika kusema nauliza kwa niaba ya watu wanaodhani mimi najua. Habari ya moto niliisikia kwa mzee mmoja aliyekuwa akisafisha shamba la mpunga. Maneno mengine niliyabuni ili yafanane na ya ofisini. Yale ya kumkataza Idarusi asiende kuuliza Muheza niliyaandika kwa sababu niliogopa kule ataambiwa tofauti na nilivyosema.

Bi Bertha ni bwana miti kweli. Alinisikia nikijisifu kwa wenzangu kitaluni kuwa nimewafundisha watu wa kwetu kuchoma mvuti, akaacha alichokuwa akifanya akasema, "Nani kawaambia wachome?" Hapo ndipo nilipokuandikia barua ya pili. Na hata ndani ya barua ile nilimwita mtaalamu mwenzangu.

Sikuombi msamaha, sina uso. Nimekuandikia ili ujue ni nani aliyemuua mumeo.

Haidar

*

Kwamkole
20 Januari 1987

Haidar,

Salamu kwa Nasima na Hafidh. Mtoto anatembea.

Nimekaa na barua yako miezi mitatu. Mwanzo nilitaka kuichoma, kisha nikaona moto umetosha. Nilimsomea Asmahani peke yake. Akasema, "Mama, usimjibu mjomba tena." Mwezi mzima nilikuwa na mawazo hayo hayo.

Sikiliza. Sijakusamehe na siwezi kukuandikia kuwa nimekusamehe. Pengine litakuja, pengine halitakuja. Ila usijiite muuaji wake, kwa sababu hilo nalo ni kujipa ukubwa. Idarusi alikuwa mtu mzima, aliuona upepo, na aliingia kwa miguu yake kuuokoa msitu. Wewe ulimdanganya. Shika hilo lako, usiniongezee la kukubembeleza.

Sasa nina haja nawe. Mwinyijuma aliitisha baraza. Nilisimama, eda yangu imekwisha, nikasema wanawake tutausafisha. Wakacheka. Safari akanyanyua ile mikono yake akasema yuko pamoja nasi, wakaacha kucheka. Wametupa mpaka mwisho wa mwaka huu. Tukishindwa tajiri anapewa.

Tumeanza kung'oa kama ilivyosema barua yako ya pili, lakini hatujui mengi. Mizizi iliyong'olewa tuiweke wapi? Mbona mingine inashika tena? Na pale pakishakuwa peupe tupande nini? Muulize huyo Bi Bertha, uandike anachosema yeye, neno kwa neno, usitie lako. Kisha masika uje mwenyewe na sululu.

Na utakapofika, utawaambia watu. Mimi sitakusemea.

Chiku

*

Wete
11 Februari 1987

Dada Chiku, shikamoo.

Nimeomba ruhusa kitaluni, wamenikatalia, nimeacha kazi. Nasima na Hafidh watabaki kwa mama mkwe mpaka nitakaporudi.

Nilikwenda kwa Bi Bertha nikamweleza yote, na ya jina nililojipa pia. Akavuta kiti akasema, "Kaa uandike." Yote yamo katika karatasi nitakayokuja nayo. Kubwa lake ni kwamba mvuti unachukia kivuli. Mzizi ung'olewe mzima, ugeuzwe juu chini, utundikwe kwenye mapanda ya miti usiguse udongo, na papo hapo ipandwe miti ya kwetu inayokua haraka. Na kazi hiyo irudiwe miaka mitatu, kwa kuwa mbegu zimo ardhini.

Naja na chombo cha kwanza cha mwezi Machi.

Haidar

*

Kwamkole
6 Desemba 1987

Mdogo wangu Haidar,

Salamu nyingi kwako, kwa Nasima na kwa Hafidh. Nimefurahi kusikia umepata kibarua bandarini. Sisi huku wazima. Asmahani anakusalimu, ndiyo, Asmahani, tena kaniambia nisisahau kuandika.

Tangu uondoke mwezi wa Juni hatukupumzika. Vuli ilikuwa nzuri. Miche uliyoipanda upande wa kisimani imeshika, isipokuwa ile ya mwanzo iliyoliwa na ngedere. Mvuti umejaribu kurudi, mdogo mdogo, tunaung'oa kwa vidole. Tumefanikiwa kusafisha kutoka njia kuu mpaka kisimani, na ng'ambo ya kisima kidogo. Upande wa mkonge bado, na sidhani nitauona ukiisha. Shamba lile likikaa vile bila mwenyewe, ndege wataleta mbegu kila mwaka.

Jumapili Mwinyijuma alikuja kukagua na wazee wa baraza. Walipofika penye mibambakofi iliyobaki, mmoja wao akainama akaokota bungo, akalipasua akala. Mwinyijuma akasema, "Huu ni msitu." Ikaandikwa hivyo kwenye kitabu cha kijiji. Tajiri kaambiwa, naye nasikia amepata pori jingine upande wa Mkwaja. Nawahurumia wa huko.

Safari aliniuliza utakuja lini tena. Nilishangaa. Nakumbuka siku uliyosimama barazani ukasema mbele ya watu wote kuwa hukuwa bwana miti, kazi yako ilikuwa kumwagilia maji, na kwamba Idarusi alikufa kwa maneno uliyoyabuni. Ulipompa Safari mkono hakuupokea. Aliondoka. Kesho yake akaja msituni, akafanya kazi mstari mmoja nawe wiki tatu bila kusema nawe. Sasa anasema mashimo yake huyachimba kama ulivyochimba yako.

Haidar, kuna jambo sikukwambia ulipokuwa hapa. Nilitaka kwanza nione kazi imefikia wapi.

Siku ya saba hospitali Idarusi alipata nafuu ya kusema. Nilidhani ataagiza habari za watoto. Akaniuliza, "Umemwandikia Haidar?" Nikamjibu bado. Akasema, "Mwandikie moto ulishika vizuri. Mwambie mvuti umekwisha." Nikamwambia nitaandikaje hivyo na wewe uko katika hali hii. Akasema, "Andika hivyo hivyo. Yule akijua, hatarudi tena nyumbani."

Nilimwahidi. Ile barua yangu ya Aprili, iliyokushangaza kwa ufupi, ndiyo nilikuwa najaribu kutimiza ahadi. Niliandika mvuti umeungua. Nilikusudia kuongeza salamu zake chini, kama siku zote, usitambue kitu. Nilikaa na kalamu mpaka adhana ya laasiri. Sikuweza. Nikatia jina langu nikaifunga.

Ahadi yake niliivunja, nikakwambia, na wewe ukarudi nyumbani. Nilikwenda kaburini kwake jana nikamwambia hivyo.

Shemeji yako Idarusi anakusalimu sana.

Dada yako,
Chiku